Komeo

Nilizihesabu boriti za ghala lile: ishirini na moja,
na ya ishirini na mbili nusu imeliwa na mchwa.
Hakimu akauliza kwa nini nilihesabu.
Nikamwambia, mlango haukuwa na cha kuhesabu,
ulikuwa mmoja tu, na komeo lake liko nje.

Ilikuwa Jumatano, Mtambwe, msimu umekubali.
Nimechambua tangu alfajiri, makonyo huku, karafuu kule,
vidole vimegeuka rangi ya kutu.
Nassor Shaame akapima pishi zangu, akapima tena,
akasema imepungua moja.
"Ingia ndani utazame mwenyewe."
Nikaingia. Hilo sikulikana: niliingia kwa miguu yangu.
Kisha nikasikia chuma kikipita kwenye pete.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Ikaadhiniwa alasiri.
Harufu ya karafuu mbichi ndani ya chumba kilichofungwa
si ile mnayoisifu mkiteremka gatini Mkoani.
Inaingia machoni. Inauma hata mate.
Mwanangu wa kunyonya alikuwa kwa shoga yangu Mwanaidi,
na maziwa yaliijua saa kuliko mimi,
yakalowesha kanga mpaka kiunoni,
kanga yenyewe imeandikwa MAKUSUDI HAYANA POLE.
Wallahi sikuivaa kwa ajili ya kesi.

Hakumgusa, alisema wakili wake, mara tatu,
kama mtu anayeonyesha viganja vitupu.
Hakumpiga. Hakumshika hata ncha ya kanga.
Bi Sabra, wakili wangu, ana sauti ya mtu anayeazima sindano.
Alisimama, akauliza tu:
"Na komeo, lilijifunga?"

Basi sababu zikaja kwa foleni
kama watu kituoni siku ya mizani, kila moja na gunia lake.
Aliridhia, aliingia mwenyewe.
(Mgeni akikubali kahawa, hajakubali kulala.)
Mwenye mali ana haki ya kumzuia anayemshuku.
"Kwa muda gani?" hakimu akauliza.
"Mpaka polisi waje."
"Uliwaita saa ngapi?"
Feni ya mahakama ya Wete ina kitu kinachogonga. Kikagonga.
"Sikuwaita. Nilikwenda kula, nikapitiwa na usingizi."
Na pishi iliyopungua?
Mwanawe alikuwa ameimwaga kwenye jamvi jengine.

Ndipo likaja dai lake juu yangu.
Maana nilivunja, sifichi. Nilitwaa kipimo chake, pishi ya mbao,
nikakipiga kidirisha cha nyuma mpaka pishi ikapasuka
na kidirisha kikakubali,
nikapita, nikaacha ngozi ya bega kwenye msumari.
Ya babu yangu, alisema Nassor, ina miaka sitini.
Sauti ikamkatika kweli,
nami, Mungu ananiona, nikamwonea huruma.

"Ulikusudia kuivunja?"
Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi: mkono uliteleza.
Bi Sabra alikuwa ananitazama.
Nikasema, nilikusudia. Kila pigo.
Na ungelikuwapo mlango wa pili, nisingeligusa hata kikonyo chake.

Bi Sabra akafumba macho.
Alipoyafumbua akasema, taratibu, "Dharura, Mheshimiwa,"
kisha akakaa, kana kwamba amemaliza kushona.

Nikapewa laki tatu kwa saa tano na ushei.
Pishi haikutiwa hesabuni:
aliyefunga mlango, hakimu aliandika, hamdai aliyevunja dirisha.
Laki tatu ni mabati manne, deni la Mwanaidi,
nauli za kwenda Wete na kurudi, mara sita.
Nassor tunasalimiana. Kwake sichambui tena.

Ila nikiingia popote, hata kwa mama yangu mzazi,
kwanza natazama komeo liko upande gani.
Mtoto sasa anatambaa.
Leo amefika mlangoni mara mbili.
Nimemwachia wazi, na mbu waingie.